Chini au Kulia

Kaya zilikuwa 212, na jumla ya ekari ilitoka sawasawa. Naanza na jumla hiyo kwa sababu ndiyo iliyonidanganya. Saa sita ya usiku mmoja wa Mei 2024, barazani kwa bibi yangu pale Mloka, niliilinganisha na ile ambayo binamu yangu aliipata kwa kikokotoo cha simu kutoka kwenye karatasi. Hazikupishana hata robo ekari. Nikafunika kompyuta na kulala usingizi wa mtu aliyemaliza kulipa madeni.

Kesho yake orodha ilisomwa chini ya mwembe. Majina ya mwanzo yalipita vizuri, kila mmoja akiitwa na kutajiwa ekari zake, naye akiitikia. Tulipofika namba 58 mtu hakuwepo, tukaendelea. Namba 59 alikuwa mzee mmoja mwenye kijishamba cha nusu ekari ambacho kijiji kizima hukijua, kwani kila mwaka viboko hukimaliza kabla yake. Nikamsomea ekari tatu. Watu walicheka, naye akacheka, akasema Mungu hamtupi mja wake. Namba 60 hakucheka. Alikuwa na ekari tatu, mimi nikamsomea moja. Kuanzia hapo kila jina lilikuwa na ekari za mtu mwingine, na kicheko kilikuwa kimekwisha. Kisha nikafika namba 121, bibi yangu mzaa mama, mwenye ekari moja na nusu tangu nimjue, nikasoma kwa sauti yangu mwenyewe: ekari tano.

Hakuna aliyenitukana. Mama mmoja tu nyuma alisema, si kwa sauti kubwa, "Kumbe ndiyo maana wakasomesha."

Nieleze kwanza orodha yenyewe ilikuwa ya nini. Mloka iko kaskazini mwa Mto Rufiji, ukifuata barabara ya kutoka Kibiti hadi karibu na lango la Mtemere. Wageni hulijua jina hili kwa ajili ya wanyama, wa lile Pori la Akiba la Selous ambalo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Sisi tunalijua kwa ajili ya mto. Aprili 2024 mto ulifurika, mashamba ya bondeni Rufiji na Kibiti yakazama, na mahindi yaliyokuwa yamesimama yakaondoka na maji. Lakini mafuriko ya Rufiji huacha na malipo: maji yakishuka hubaki tope, na kwenye tope hilo hupandwa mahindi ya mlao, ambayo hayangoji mvua, hunywa unyevu uliobaki ardhini. Kilimo hiki ni cha zamani kuliko serikali zote tulizowahi kuwa nazo. Sharti lake ni moja tu, kwamba upande tope likiwa bado bichi. Ukichelewa wiki mbili unapanda kwenye tofali.

Kikundi cha wakulima wa bondeni kilikuwa kimepata mtu wa mbali aliyekubali kununua mbegu, kila mtu kwa kadiri ya ekari zake. Alitaka orodha ya Excel, hakutaka picha ya karatasi. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani na cheti cha chuo na bila kazi, kwa hiyo kazi ikawa yangu. Kompyuta tuliazima kwa mwalimu mmoja.

Karatasi iliandikwa kama watu wanavyoandika karatasi: kila mtu mstari wake, kutoka kushoto kwenda kulia. Namba, jina la mkuu wa kaya, kitongoji, idadi ya watu, ekari. Mimi sikuijaza hivyo. Kwenye kompyuta ile, kama kwenye kompyuta nyingi, ukiandika kitu kwenye kisanduku na kubonyeza Enta, kielekezi hushuka kisanduku cha chini. Hakiendi pembeni. Basi nikaona heri nifuate mwendo wa mashine. Binamu akasoma majina yote 212 nami nikayashusha. Akasoma vitongoji vyote, nikavishusha. Akasoma ekari zote. Ilikuwa kazi ya haraka na ya raha, yeye akiimba "moja, nusu, mbili na nusu, moja," mimi macho kwenye vitufe tu, kama watu wanaotwanga kwa michi miwili.

Namba 58 alikuwa mjane aliyekwenda Utete kumuuguza mwanawe. Ekari zake hazikuwa zimeulizwa, na kwenye karatasi palikuwa na kistari. Kistari hakina sauti. Binamu alikiruka, akasoma ekari za namba 59, nami nikaziweka kwenye kisanduku kilichokuwa kinanisubiri, cha 58. Tangu hapo watu 154 wakavaa nguo za jirani wa chini yao. Mwishoni kabisa namba 212 alibaki mtupu, na mimi nilipokiona kisanduku kile nilidhani ndiye asiyetaja ekari, nikamwekea kistari kwa mkono wangu. Jumla haikutikisika, kwa kuwa ekari zote zilikuwemo ndani. Zilikuwa tu kwa watu wasio wenyewe.

Jioni ile sikuwa na hamu ya chakula. Nikajiuliza swali ambalo kwa miaka mitatu ya chuo halikunijia hata mara moja: kwani nani aliamua kwamba Enta ishuke?

Jibu si fupi. Linaanza na kompyuta isiyoweza kushuka kabisa.

Mwaka 1978 Dan Bricklin alikuwa mwanafunzi wa biashara Harvard, akitazama mahesabu ubaoni, yale ambayo ukibadilisha tarakimu moja unafuta na kukokotoa upya nusu ya ubao. Akawaza ubao unaojikokotoa. Mfano wake wa kwanza aliuandika kwenye Apple II, na kabla hajafika kwenye hesabu alikwama kwenye jambo dogo la kuchekesha, namna ya kutembea juu ya ubao huo. Alijaribu kwanza kile kidude cha kuchezea michezo, cha kuzungusha kwa vidole. Kilikuwa kizito kuitika na hakilengi sawasawa. Akarudi kwenye kibodi. Na kibodi ya Apple II, iliyotoka 1977, ilikuwa na vishale viwili tu, cha kushoto na cha kulia. Vya juu na chini havikuwepo.

Suluhisho lake lilikuwa kitufe kirefu cha nafasi. Ukikibonyeza, vishale vile vile viwili viligeuka kazi: cha kulia kikawa cha kushuka, cha kushoto kikawa cha kupanda. Ukibonyeza tena, vikarudi. Ili usipotee, kwenye kona ya juu ya kioo palikuwa na alama: kistari cha kulala kama unakwenda upande, alama ya mshangao kama unakwenda juu na chini. Programu hiyo, aliyoitengeneza pamoja na Bob Frankston, iliitwa VisiCalc. Ilianza kuuzwa 1979, ikiwa na safu 63 na mistari 254, na inatajwa kuwa ndiyo lahajedwali ya kwanza ya kompyuta ndogo. Watu walinunua Apple II ili tu waipate.

Naipenda ile alama ya kona. Mtumiaji wa 1979 hakuweza kusahau kwamba kuna njia mbili na kwamba yuko kwenye mojawapo, maana alikuwa amechagua mwenyewe sekunde chache kabla na kioo kilikuwa kinamkumbusha. Apple IIe ilipokuja 1983 na vishale vyote vinne, chaguo hilo liliondoka machoni. Kuondoka machoni si sawa na kwisha, ingawa mimi ilibidi niaibike chini ya mwembe ndipo nijue.

Mwaka huo huo wa 1983 Lotus 1-2-3 ikatawala kompyuta za IBM. Kwenye Lotus, Enta haikukupeleka popote. Uliandika, ukabonyeza, ukabaki pale pale ukitazama ulichoandika. Ukitaka kuondoka, ulitumia kishale, nacho kiliandika na kusogea kwa mpigo mmoja. Tatizo ni kwamba kwenye kibodi za IBM za mwanzo vishale na tarakimu za upande wa kulia vilikaa kwenye vitufe vile vile. Ukifungulia tarakimu, umefunga vishale. Karani mwenye rundo la risiti alitaka tarakimu kwenye mkono mmoja na kusogea kwenye mkono huo huo, asihamishe vidole. Enta inayosogea yenyewe ni rehema kwa karani huyo, na Excel, iliyoanza kwenye Macintosh mwaka 1985 na kuingia Windows 1987, ndiyo iliyotuzoesha Enta ya kushuka.

Kwa nini ishuke, isiende kulia? Hapa sina shahidi, nina hoja tu. Mhasibu hujumlisha kwa kushuka. Mashine ya kujumlisha ya karne nzima iliyopita ilitoa utepe wa karatasi, tarakimu moja chini ya nyingine, jumla mguuni. Hata neno la Kiingereza la lahajedwali ni la wahasibu kabla ya kompyuta, karatasi pana iliyotandazwa kurasa mbili za kitabu zikiangaliana, yenye safu nyingi za kujumlishwa. Kwa mtu huyo safu ndiyo kitu: mauzo yote, mishahara yote. Mstari ni mahali pa kupita tu.

Karani wa taipureta angeshangaa. Kwake kitufe hicho ni mjukuu wa ule mkono wa chuma uliorudisha gari la karatasi mwanzoni mwa mstari mpya, yaani kwenda kulia, kulia, kulia, halafu kurudi. Cha kustaajabisha ni kwamba tabia hiyo bado imejificha ndani ya Excel na wengi wetu hatuijui. Ukisogea kwa kitufe cha Tab (mwalimu mwenye kompyuta hukiita Tabu, na sina la kumsahihisha), ukajaza mstari wako hadi mwisho kisha ukabonyeza Enta, kielekezi hakishuki chini ya kisanduku cha mwisho. Kinarudi chini ya pale ulipoanzia. Taipureta ile ile imeingia kupitia mlango wa nyuma.

Na mlango wa mbele upo. Kwenye mipangilio ya Excel, sehemu ya juu kabisa ya ukurasa wa mambo ya ziada, kuna kisanduku cha tiki kinachouliza Enta ikibonyezwa kielekezi kisogee au la, na kama kisogee, kiende wapi: chini, kulia, juu, kushoto. Ukiondoa tiki unarudi kwenye Lotus. LibreOffice nayo inayo, kwenye mipangilio ya Calc. Nilikikuta usiku huo wa aibu, kwa mwanga wa simu, na nilihisi kama mtu aliyegundua kwamba nyumba aliyopanga miaka minne ina chumba kingine.

Nikakaa nikilitazama lile neno "kushoto". Nani duniani anataka Enta iende kushoto? Nikamuuliza bibi, kwa utani, kama amewahi kumwona mtu anayeandika kwa kwenda kushoto. Akaniangalia kama mjinga. Babu yake, akasema, aliandika madeni ya mpunga kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili chetu hiki hiki, kutoka kulia kwenda kushoto, na hakuna deni lililopotea. Excel nayo hukuruhusu kuligeuza jedwali zima lianzie kulia. Nusu ya historia ya maandishi ya pwani hii ingejazwa vizuri zaidi kwa Enta inayokwenda kushoto, na mimi mhitimu nilikuwa nimeiona kama mzaha.

Kuna upande wa Tanzania wa hadithi hii na ni wa ajabu kidogo. Bricklin alipokuwa akihangaika na vishale vyake viwili, nchi yetu ilikuwa imefunga mlango. Serikali ilipata kompyuta yake ya kwanza miaka ya 1960, Wizara ya Fedha, na mambo ya hesabu za serikali yakaenda kombo kiasi kwamba mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku, pamoja na televisheni. Kwa hiyo kizazi cha VisiCalc hatukuwa nacho kama nchi. Ile alama ya kona hatukuiona. Mashine zilipokuja kuenea maofisini, miaka mingi baadaye, Enta ilikuwa imeshafundishwa kushuka, nasi tukaipokea kama inavyopokewa hali ya hewa.

Lakini Desemba 2004 kilitoka kitu kilichoitwa Jambo OpenOffice, kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wa Sweden: programu nzima ya ofisi, lahajedwali ikiwemo, kwa Kiswahili, bure. Napenda kumfikiria aliyekuwa zamu siku walipofika kwenye ule mpangilio. Maneno manne ambayo kila mtoto anayajua. Hakuhitaji kubuni kitu. Kwa mambo mengine walibuni sana, na baadhi ya maneno ya kompyuta ya miaka hiyo yamekaa na mengine yamekufa. Lahajedwali limekaa. Kisanduku chenyewe wengine hukiita seli, neno ambalo masikioni mwetu lina harufu ya kituo cha polisi, na siku zote nimeona tulipitwa na nafasi nzuri. Tanu ilipopanga nchi kwa nyumba kumi kumi katikati ya miaka ya 1960, Kiingereza kilikiita kila kikundi kwa neno hilo hilo la kisanduku cha lahajedwali. Sisi tukasema shina. Hebu fikiria: bonyeza Enta uende shina linalofuata.

Neno shina lilimfanya bibi akae sawa.

Alikuwa msichana mwaka 1968 mto ulipofurika na watu wakahamishwa bondeni. Operesheni Rufiji ilikuja kabla ya operesheni nyingi za vijiji ambazo nchi ilizijua miaka ya 1970. Watu waliokuwa wametawanyika bondeni, kila mmoja na dungu lake la kulindia mpunga dhidi ya nguruwe na ndege, waliambiwa wapande juu, kwenye ardhi isiyofikwa na maji, wakae kwa mistari. Ilikuwa kwa usalama wao na kwa ajili ya shule na zahanati, na shule zilikuja kweli. Lakini shamba lilibaki chini na mlinzi amekaa juu, na nguruwe hawakuhamishwa. Hilo wazee wa Rufiji hawajalimaliza kulisema hadi leo.

Anachokumbuka bibi zaidi ni daftari. Karani alikaa kwenye kiti, watu wakapita mbele yake. Hakusoma majina yote kwanza. Alimaliza mtu mmoja: jina, ukoo, watoto, kuku kama walikuwepo, mahali alipotoka. Kisha akamwangalia usoni na kumsomea yote aliyoandika. "Mtu alikuwa haondoki mpaka amejisikia," bibi alisema. Mama yake alijisikia akiwa na watoto watatu, akasema nina wanne, karani akaandika wa nne kwenye nafasi ya pembeni. Bibi ndiye huyo wa nne. Yuko kwenye ukingo wa ukurasa, kama daftari bado liko popote.

Sitaki kumfanya karani wa 1968 kuwa shujaa. Alikuwa anawaandikisha watu waende mahali ambapo wengi hawakuchagua kwenda. Nasema tu kwamba kalamu yake ilikwenda kulia, na ilipokosea ilimkosea mtu mmoja, naye akiwa amesimama hapo hapo.

Kuna waliofika mbali zaidi ya hapo, na si mbali na kwetu. Kuanzia 1998, upande wa mashariki wa wilaya ya Rufiji ya wakati ule, maeneo ya Ikwiriri, Kibiti na Bungu, palikuwa na mradi wa kufuatilia watu nyumba kwa nyumba, nani amezaliwa, nani amekufa, nani amehama, ulioanza na mpango wa TEHIP na baadaye ukawa chini ya Taasisi ya Afya Ifakara. Wasaili walirudi kwenye kila kaya kila baada ya miezi minne. Kila mtu alikuwa na namba ya kudumu iliyofuatana naye. Namba ya aina hiyo ndiyo dawa kamili ya ugonjwa wangu: ukiwa nayo, ekari zinaandikwa pembeni ya namba ya mwenyewe, na haijalishi kielekezi kimeshuka au kimepanda mti. Mimi nilikuwa na namba 1 hadi 212, zilizokuwa za mistari tu, hazikuwa za watu.

Tulirudia kazi yote. Hiyo ilikuwa na bei, na bei ilikuwa tope. Mwenyekiti wa kikundi alituambia kwa upole kwamba kule chini karibu na maji bado panazama mguu, lakini mashamba ya juu kidogo yameanza kupasuka. Tulikuwa na siku mbili, tatu tukiomba sana.

Niliigeuza Enta iende kulia. Halafu nikahamisha meza chini ya mwembe. Watu wakaja mmoja mmoja, na safari hii binamu hakusoma kutoka karatasini. Mtu alijisema mwenyewe, mimi nikabonyeza: jina, kulia, kitongoji, kulia, watu, kulia, ekari. Mwisho wa mstari nilimsomea. Ilikuwa polepole kwa namna ya kukatisha tamaa. Wazee walitaka kueleza shamba lilipatikanaje. Mzee wa namba 59 alisisitiza niandike nusu ekari "na viboko". Yule mama aliyesema ile kauli ya kusomeshwa alikuja mchana, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa, akajisema, nikamsomea. Akaniomba nimsomee tena. Nikasoma tena. Akaomba aone. Nikaigeuza kompyuta, akaweka kidole kwenye kioo juu ya jina lake na kukivuta taratibu kwenda kulia mpaka kwenye ekari zake mbili, akatoa kidole, akaenda zake.

Jioni ya siku ya kwanza karibu tuharibu tena. Betri iliisha, binamu akakimbilia kompyuta ya rafiki yake akiwa na faili kwenye flashi. Aliandika mtu mmoja tu, kwa bahati. Jina juu, kitongoji chini ya jina, idadi ya watu chini ya kitongoji, kama mishkaki. Nilidhani mpangilio wangu umesafiri na faili. Hausafiri. Mwendo wa Enta unakaa kwenye programu ya mashine uliyoibadilisha, na faili hubeba yaliyoandikwa tu, haibebi namna ulivyotembea kuyaandika. Ukimpa mtu lahajedwali, hajui kama ulilijaza mtu kwa mtu au safu kwa safu. Hata yule mnunuzi wa mbegu hakujua. Kwake orodha ya kwanza na ya pili zingekuwa na jumla moja, tofauti ni ekari moja tu: yule mjane wa namba 58, tuliyempigia simu Utete na kumkuta, alisema anayo moja, na mwanawe anaendelea vizuri.

Mbegu zilifika. Mashamba ya chini yalipandwa kwenye tope zuri. Ya juu kidogo, watu kama kumi na tano hivi, yalipandwa kwenye ardhi iliyokuwa imeshaanza kuwa ngumu, na mahindi yake yalitoka mafupi yenye mbegu za kuhesabu. Hakuna aliyenidai. Mmoja wao, nikikutana naye, huniuliza kama kompyuta yangu haijambo.

Kompyuta haikuwa yangu, ilirudi kwa mwalimu. Siku ya tatu akanipigia simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia. Alikuwa anaingiza alama za mtihani. Yeye huingiza somo kwa somo, Hisabati ya darasa zima kwanza, kisha Kiswahili cha darasa zima, na asiyefanya mtihani humwekea herufi ili pasibaki pengo. Miaka yote hajawahi kukosea. Sasa kila alama aliyoiandika ilikuwa inarukia somo la pili.

"Umeifanyaje hii mashine?" akasema. "Nikibonyeza tu, inakwenda kulia."

Nilikuwa nimeweka sauti ya nje. Bibi alikuwa anapepeta mchele pembeni yangu.

"Muulize imefiwa na nani," akasema.